Leso iliyokunjwa haisomeki jina

Juma hili nakuomba tufuatane hadi pwani, kati ya Kilifi na Malindi, tubishe hodi katika nyumba moja. Sitaitaja ni ya nani, kwa maana nyumba za namna hiyo ni nyingi, na huenda moja iko karibu nawe.

Nyumbani humo mna mtoto wa miezi saba. Alizaliwa mzima, uzani wake kamili, akanyonya vizuri na kucheka mapema. Chanjo hakukosa hata moja. Halafu mambo yakageuka ghafla, kama mtu aliyezima taa. Vidole vya mikono na miguu vikavimba, kilio kikawa hakikomi, usiku hakulaliki, na weupe wa macho ukaanza kuingia umanjano. Majirani wakaja kutoa pole na, kama ujuavyo, pole za majirani haziji mikono mitupu. Mmoja akasema mtoto ametiwa jicho: si alikuwa akipitishwa barazani kila jioni, kila mtu akimsifu? Wa pili akanong'ona kwamba hiyo ni chirwa, yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa na adhabu imemwangukia mtoto. Mama mkwe naye akakumbuka kwamba kwa kina mkaza mwanawe kuna watoto waliowahi kufa wadogo. Kufikia Ijumaa, mume hasemi na mkewe.

Hospitalini waliambiwa ni ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi. Baba akauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: "Kama ni wa kuzaliwa nao, mbona hakuzaliwa nao? Miezi sita yote ulikuwa umejificha wapi?"

Swali hilo ni zuri, msomaji wangu, na lisipojibiwa majirani ndio watakaolijibu. Jibu lake limo ndani ya uzi mwembamba kuliko unywele, na namna uzi huo unavyosokotwa na kukunjwa.

HERUFI MOJA TU

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Seli nyekundu za damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Zinaibeba kwa protini iitwayo hemoglobini. Kwa mgonjwa wa selimundu, hemoglobini ikishatoa oksijeni yake hushikana na kujipanga kama fimbo ndefu, na seli iliyokuwa mviringo na laini hupindika kama mundu wa kuvunia. Mundu haupiti kwenye mishipa midogo. Hukwama, damu ikazibwa, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Isitoshe, seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mundu hufa baada ya wiki mbili au tatu tu. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa damu na macho yakawa ya manjano.

Chanzo chake ni kidogo cha kushangaza. Maagizo yote ya kuujenga mwili yameandikwa ndani ya DNA kwa herufi za kikemikali zipatazo bilioni 3. Katika jeni inayotoa agizo la hemoglobini ya mtu mzima, iliyo kwenye kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika. Moja tu. Mtoto huugua akipokea jeni yenye kosa hilo kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Akipokea kutoka kwa mzazi mmoja tu, haugui. Yeye ni mbebaji, kama walivyo wazazi wake, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kujijua.

Tena mbebaji hupata faida. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii mwaka 1949, akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, palipo na malaria nyingi, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba hali hiyo huwakinga watu na malaria. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi walipima kinga hiyo kwa watoto wao wenyewe, wakaona mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii haikupotea pwani. Iliwaokoa wengi, na watoto wachache wakalipa gharama. Kilifi, karibu mtoto 1 kati ya 7 ni mbebaji, na karibu 1 kati ya 100 huzaliwa na ugonjwa wenyewe.

Haya, lakini swali la baba bado liko pale pale. Herufi hiyo mtoto alikuwa nayo tangu siku ya kwanza tumboni. Ilikuwa wapi?

MITA MBILI NDANI YA KITONE

Fikiri jambo hili. Seli ya jicho lako na seli ya ini lako zina DNA ile ile, herufi kwa herufi. Seli ya jicho ina agizo zima la kutengeneza hemoglobini, na kamwe hutaiona ikitengeneza. Ya ini ina agizo la kutengeneza vitu vya jicho, nayo hailigusi. Kwa hiyo kuandikwa ni jambo moja, na kusomwa ni jambo lingine. Nani basi huamua kipi kisomwe na kipi kinyamaze?

Miongoni mwa waamuzi wakubwa ni umbo. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia mita 2 hivi, urefu wa mlango. Nayo imetiwa ndani ya kiini ambacho upana wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Huwezi kutia uzi mrefu namna hiyo mahali padogo hivyo bila kuusokota na kuukunja, na ukiukunja, sehemu nyingine zitabaki juu na nyingine zitafichika. Seli ilitumia lazima hiyo kuwa njia ya kutawala.

CHUKUA KAMBA

Ukitoka Mtwapa kuelekea Kilifi, pale Vipingo utapita mashamba ya mkonge. Nunua kamba ya mkonge sokoni, kipande cha urefu wa mkono, iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Watoto waite, jaribio hili ni lao.

DNA ina umbo kama la kamba hiyo: nyuzi mbili zilizozungushana. James Watson na Francis Crick walilitangaza umbo hilo huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1953, wakisaidiwa sana na picha za miale ya eksirei zilizotoka kwa kazi ya Rosalind Franklin wa London. Herufi ziko katikati, baina ya nyuzi mbili. Ili zisomwe, sharti nyuzi ziachanishwe kidogo.

Sasa funga ncha moja ya kamba kwenye kitasa cha mlango, ushike ncha ya pili. Izungushe kuelekea upande ule ule ambao imesokotwa, uzidi kuikaza. Kisha sogea karibu na mlango. Umeona? Kamba inaruka na kujizungusha yenyewe kwa yenyewe, msokoto juu ya msokoto, kama ule waya wa simu ya mezani uliokuwa ukitutatiza miaka ile. Jaribu kuzitenganisha nyuzi zake kwa kidole: zimebana, hazikubali. Rudi uizungushe upande wa pili, kinyume cha msokoto wake. Nayo itajikunja, lakini safari hii nyuzi zinalegea na mianya inafunguka. Kidole kinaingia bila taabu.

Hayo ndiyo yaliyomo ndani ya seli. Mwaka 1965 Jerome Vinograd na wenzake huko California walitambua kwamba DNA ya virusi fulani, iliyo duara kama bangili, ilikuwa imejisokota juu ya msokoto wake. Duara haina ncha ya kujifungua, basi kila msokoto ukizidi au ukipungua hubaki humo humo. DNA yetu si duara, ila ni ndefu mno na imeshikizwa mahali pengi, kwa hiyo hutenda kama kamba iliyofungwa ncha zote mbili. Katika viumbe wengi DNA huwekwa ikiwa imelegezwa kidogo, ili iwe tayari kufunguka. Bakteria wakipatwa na mabadiliko ya joto au chumvi, msokoto wa DNA yao hubadilika, na pamoja nao hubadilika orodha ya jeni zinazosomwa.

Kusoma kwenyewe pia husokota. Tia kidole baina ya nyuzi mbili za kamba yako kisha ukisukume mbele. Mbele ya kidole kamba inazidi kukaza, nyuma inalegea. Mashine inayosoma jeni hupita hivyo hivyo, kama walivyoeleza Leroy Liu na James Wang mwaka 1987. Isipopata msaada itakwama, kama kidole chako kilivyokwama. Msaada wake ni vimeng'enya maalumu, na cha kwanza kilivumbuliwa na huyo huyo Wang mwaka 1971. Kazi yao huwezi kuamini: hukata uzi wa DNA, huuacha uzunguke msokoto upungue, kisha huunga palipokatwa kama hapakuwahi kuguswa. Mara kwa mara, mchana na usiku, ndani yako.

Na kama unadhani haya ni ya maabara tu, kumbuka vidonge vya siprofloksasini ambavyo wengi wetu tumewahi kuandikiwa na daktari. Dawa hiyo hukishika kimeng'enya cha bakteria wakati kimekwisha kukata na bado hakijaunga. Bakteria hubaki na kamba iliyokatika, akafa. Umepona kwa sababu mtu alichunguza msokoto.

LESO CHINI YA SANDUKU

Msokoto ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kukunja. DNA huzungushwa kwenye vijibonge vya protini ziitwazo histoni, kila kijibonge protini nane, na kamba hukizunguka karibu mara mbili kabla ya kwenda kwa kingine. Vijibonge vikikaribiana na kubanana, jeni zilizo hapo hunyamaza. Vikiachana, jeni husomeka.

Kina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika sanduku la bibi mna leso pengine ishirini, kila moja na jina lake lililoandikwa chini. Bibi leo kajifunga moja, jina lake linasomwa na mtaa mzima. Zile kumi na tisa zingali na majina yao, wino haujafutika hata herufi moja. Lakini zimekunjwa, na leso iliyokunjwa haisomeki jina.

Sasa twende kwenye leso za hemoglobini. Kwenye kromosomu ya 11 zimepangwa kwa safu, tena kwa mpangilio wa umri. Ya mwanzo hutumika wiki za kwanza za mimba. Zinazofuata ni mbili za kijusi, yaani za mtoto aliye tumboni. Iko moja ndogo ya kusaidia, na mwisho kabisa iko ya mtu mzima. Ile ya kijusi ina nguvu zaidi ya kushika oksijeni, kwa kuwa mtoto huivuta kutoka katika damu ya mama kupitia kondo.

Mbele ya safu hiyo yote kuna kipande cha DNA ambacho chenyewe si jeni. Nitakiita swichi kuu. Bila hiyo, jeni za hemoglobini husomwa kwa unyonge sana. Ajabu ni kwamba swichi hiyo iko mbali na jeni inazoziamuru, umbali wa makumi ya maelfu ya herufi. Itazigusaje? Nahodha wa mashua angekuambia mara moja: pinda kamba! Kamba ya mita kumi, ukiipinda, mwanzo wake unagusana na mwisho wake. DNA hujipinda ikafanya kitanzi, swichi kuu ikaja kukaa ubavuni mwa jeni moja, na jeni hiyo ndiyo isomwayo kwa nguvu.

Swichi ni moja, wanaoigombea ni wengi. Mtoto akiwa tumboni, kitanzi huishika jeni ya kijusi. Kuelekea kuzaliwa na baada yake, mlinzi mmoja, protini iitwayo BCL11A, huifungia jeni ya kijusi, na kitanzi huhamia taratibu kwenye jeni ya mtu mzima. Kazi hiyo hufanyika katika uroto wa mifupa, seli nyekundu zinapoumbwa. Haiishi kwa siku moja, kwani seli za zamani hubaki zikizunguka hadi zife. Ila kufikia miezi sita hivi, sehemu kubwa ya hemoglobini ya mtoto huwa imekuwa ya mtu mzima.

Hilo ndilo jibu la baba, msomaji wangu. Kosa la selimundu limo katika leso ya mtu mzima. Leso ya kijusi haina kosa. Mtoto alipokuwa tumboni, na miezi ile ya kwanza alipokuwa akicheka barazani, alikuwa amejifunga leso nzima. Ilipokunjwa na kutiwa sandukuni, ikatoka ile yenye kosa, maradhi yakaonekana. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Ni kitanzi cha kamba tu kilichohama, kama kinavyohama kwa kila mtoto duniani.

Daktari mmoja wa watoto huko New York, Janet Watson, aliliona hili mwaka 1948, DNA yenyewe haijajulikana umbo. Aligundua kwamba seli za vichanga wenye selimundu hazipindiki sana, akasema ni hemoglobini ya kijusi inayowakinga. Na ndugu zetu walio Ghuba wanajua kwamba mashariki mwa Saudi Arabia wapo wagonjwa wa selimundu wasioteseka sana. Wengi wao, leso yao ya kijusi haikukunjwa ikaisha. Damu yao hubaki na hemoglobini hiyo kwa wingi kuliko kawaida, na ugonjwa huwa mwepesi.

JE, INAWEZA KUFUNGULIWA TENA?

Hapo ndipo wanasayansi walipopiga hema. Kama leso haikuchanika bali imekunjwa, si ikunjuliwe? Mwaka 2008 ilithibitika kwamba BCL11A ndiye mlinzi wa sanduku: ukimpunguza nguvu, hemoglobini ya kijusi hurudi. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, walifanya jambo la kupendeza zaidi. Walichukua seli za watu wazima, wakailazimisha swichi kuu ijipinde hadi kwenye jeni ya kijusi. Hawakugusa herufi hata moja ya jeni hizo. Walibadilisha kitanzi tu. Na jeni iliyonyamaza tangu utotoni ikaanza kusomwa. Hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba umbo ni amri.

Huko ni maabara. Je, mtoto wetu wa Kilifi? Subira. Iko dawa ya zamani iitwayo haidroksiyurea, iliyotengenezwa kwanza Ujerumani karne ya 19, baadaye ikatumiwa kwa saratani. Ilionekana kwamba huongeza hemoglobini ya kijusi katika damu, na Marekani ikaikubali kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kwa Afrika wengi walisita. Palikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria dawa hiyo ingewadhuru watoto, pengine kuwaongezea malaria.

Jibu lilitoka kwetu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza kazi Kilifi mwaka 1989, kilishiriki jaribio kubwa lililoitwa REACH, pamoja na Mbale nchini Uganda, Kinshasa nchini Kongo na Luanda nchini Angola. Watoto 606, wa kati ya mwaka 1 na miaka 10, walipewa dawa hiyo. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Ukilinganisha na kabla ya dawa, vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria, ile iliyoogopwa, ilipungua kwa karibu nusu. Haja ya kuongezewa damu ilipungua kwa karibu theluthi mbili. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kila namba hapo, msomaji, ni kitanda kilichobaki na mtu wake.

Ng'ambo wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 mama mmoja Mmarekani, Victoria Gray, alitolewa seli zake za uroto, zikakatwa mahali pamoja maalumu panapomwamuru BCL11A katika damu, kisha akarudishiwa. Mlinzi akanyongea, sanduku likafunguka, leso ya kijusi ikatoka. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, ilikubaliwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mimi na wewe tukae tuhesabu ni mahamri mangapi. Na tujikumbushe kwamba wanaougua wengi zaidi wako huku kwetu, si huko iliko tiba. Elimu imefika, bei ndiyo haijashuka kizimbani.

TURUDI NYUMBANI KULE

Kabla hatujaagana, turudi kwa yule mama tuliyemwacha na mumewe asiyesema. Mwaka 2011 watafiti wa Kilifi walichapisha yale waliyoyakuta katika familia za aina hii: mama ndiye anayebebeshwa lawama, na ndoa hutikisika. Nina maneno machache kwa baba, kwa mama mkwe, na kwa majirani wenye pole nyingi.

La kwanza: hakuna mwanamke anayeweza kumpa mtoto selimundu peke yake. Hilo haliwezekani. Ugonjwa huu ukionekana, jeni imetoka kwa wazazi wawili, nusu kwa nusu. Baba anayesema "kwetu hamna" anasema asilolijua, kwani mbebaji haugui. Anayetaka kulaumu alaumu mbu, ambao ndio walioitunza jeni hii pwani miaka elfu na elfu.

La pili: wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, si kwamba ukishapata mmoja umemaliza zamu. Vijana mnaochumbiana, kipimo cha damu ni cha mara moja maishani. Pimeni, mjue, kisha mwamue wenyewe kwa macho wazi.

La tatu, na hili wengi hawalijui: kile kipimo chepesi cha kutazama kama seli zinapindika kinaweza kukudanganya mtoto akiwa chini ya miezi sita. Sababu unaijua sasa: hemoglobini ya kijusi inamkinga, na seli hazipindiki sana. Kama kuna shaka, omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Hicho hugundua hata kwa kichanga, kwa tone la damu ya kisigino. Akijulikana mapema, huanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi, dawa ya kuzuia malaria na chandarua, na daktari atasema lini aanze haidroksiyurea. Dawa hii si ya kununua tu dukani. Inataka damu ipimwe mara kwa mara.

La nne: homa kwa mtoto huyu si ya kungoja asubuhi. Mpe maji mengi, mkinge na baridi, na akipata homa, akishindwa kupumua vizuri, akipauka ghafla au tumbo likivimba upande wa kushoto liliko wengu, mbio hospitalini. Mganga wa kufukuza jicho atakungoja; wengu haungoji.

Naambiwa baba yule alinyamaza kitambo aliposimuliwa haya ya kamba na leso. Kisha akauliza kama na yeye anaweza kupimwa. Akapimwa. Siku ile walirudi nyumbani kwa matatu moja, mtoto amempakata yeye.

Basi, mpenzi msomaji, usitupe ile kamba ya mkonge. Wakusanye watoto, uwaonyeshe msokoto juu ya msokoto, uwaambie kwamba ndani ya kila mmoja wao mna kamba kama hiyo, na katika sanduku lao mna leso ambazo bado hazijasomwa. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo. Alamsiki.